Ngozi ya Ndama wa Zizi la Juu

Truphosa, mwanangu,

Sitaanza na zile salamu ndefu za kukuuliza hali, maana hali yako naijua. Saa hizi uko laini za chini, kwenye nyumba za wafanyakazi, na mama yako, mnaaga watu nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inawakalisha mnywe chai. Mimi nimebaki. Niliwaambia mgongo unaniuma. Mgongo hauniumi hata kidogo. Nilitaka kukaa peke yangu na karatasi hii kabla ng'ombe hawajarudi kukamuliwa mara ya pili.

Mambo ya blanketi na sabuni na watu wa kusalimia huko chuoni sitayagusa. Mama yako ameshakuambia mara tatu, na kesho atakuambia mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu, ila ni refu, na nikijaribu kulisema kwa mdomo nitaishia kuongea habari ya mvua. Unanijua.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, uliniomba ile ngoma kubwa. Ulisema ukishakuwa mwalimu utawafundisha watoto isukuti, ngoma ya kwetu Idakho, jinsi nilivyowafundisha watoto wa shamba hili, na ungependa kuanza na ngoma ileile uliyojifunzia. Uliomba kwa adabu sana. Nikasema nitafikiri. Ukaona uso wangu umebadilika, ukadhani ni uchoyo, na nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako kwamba baba anaipenda ngoma kuliko watu. Hapana, mama. Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu mzazi, na leo nakuita hivyo ili nipate nguvu. Ngoma ile sikukunyima. Ngoma ile si yangu kuitoa.

Nianze mbali kidogo. Tulipofika hapa juu ya Molo wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Niliandikwa kazi ya kukamua. Watoto wa laini walikuwa wa kila kabila, Waluhya wenzetu, Wajaluo, Wakikuyu, Wakipsigis, na wote kazi yao ilikuwa moja: asubuhi kuchuma maua ya pareto, mchana kuingia ile nyumba ya udongo inayoitwa shule. Mchezo wa pamoja hawakuwa nao. Sisi wazazi tulikuwa tumeacha ngoma zetu kwetu, kila mtu na kwao, tukaja huku na majembe tu.

Siku moja niko nyumba ya maziwa, nazungusha mashine ya krimu. Unaijua inavyonguruma, halafu ikishika kasi inatoa ule mlio mwembamba. Nikachungulia dirishani. Watoto kama saba wamesimama nje kwenye baridi, miguu mitupu, mabega yanakwenda juu na chini. Walikuwa wanacheza mashine. Nilicheka hadi nikaachia mpini, mashine ikalegea, nao wakasimama wakanikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyewaharibia sherehe. Wewe ulikuwa mmoja wao, na kamasi zako.

Usiku ule sikulala vizuri kwa sababu ya aibu. Mimi, mtoto wa mpiga ngoma, watoto wangu wanacheza mashine ya mzungu. Kwa hiyo nikachonga. Miti ya kwetu haioti kwenye baridi hii, basi nikatumia gogo la mwerezi lililooza moyo. Isukuti ni ngoma tatu, ya baba, ya mama na ya mtoto, na ngozi yake ni ya kenge. Huku juu kenge hakuna. Nikaagiza ngozi kutoka nyumbani, nikawamba zote tatu, nikaanza kuwafundisha Jumapili mchana nyuma ya shule.

Wewe unanikumbuka nikiwa mwalimu mpole. Ulikuwa mdogo mno kukumbuka ule mwaka wa kwanza. Nilikuwa mkali kupita kiasi. Nilitaka mabega ya Kiidakho, si mengine. Niliweka kikombe cha maji juu ya kichwa cha kila mtoto ili shingo itulie na mabega peke yake yacheze, na aliyemwaga nilimchapa shavu la mguu kwa kifimbo. Watoto wa Kijaluo wakicheza kwa kiuno, nawachapa. Wa Kikuyu wakipiga mguu chini, nawachapa. Nilikuwa na hakika kwamba hivyo ndivyo kufundisha.

Ndipo akaja Chebet. Huyo unamkumbuka. Alikuwa rafiki yako wa kugawana hata kiazi, binti wa Arap Koech, mchungaji wa zizi la juu kule karibu na msitu. Chebet mabega yake hayakusogea hata ungemlipa. Yeye alijua kuruka tu, kama wasichana wa Kipsigis wanavyoruka, mwili umenyooka, shingo ndefu. Kila Jumapili alimwaga maji, kila Jumapili nilimchapa, na kila Jumapili alirudi.

Baba yake akaja siku moja kutazama. Arap Koech alikuwa rafiki yangu, labda wa pekee niliyekuwa naye hapa. Maneno yake yalikuwa machache. Aliniletea asali, nami nilimwekea maziwa yaliyotolewa krimu, na tungeweza kukaa saa nzima tukitazama ng'ombe bila kuambiana lolote. Siku ile alisimama ukutani hadi watoto wakaondoka. Nikajua atanigombeza kwa fimbo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa nini ngoma haimngojei? Anatua, na ngoma imeshapita."

Nilikasirika. Mchungaji wa Kipsigis anifundishe isukuti mimi? Lakini maneno yake yalinikaa kichwani juma zima nikikamua, na Jumapili iliyofuata nikaacha kikombe na fimbo nyumbani. Nikamwambia Chebet aruke anavyojua. Nikatazama miguu yake tu. Alipotua, nikapiga ile ngoma kubwa. Akaruka tena, akatua, nikapiga. Mara ya nne alicheka kwa sauti, na wewe ukaingia pembeni yake na mabega yako, na yule kijana wa Kijaluo na kiuno chake, na kwa mara ya kwanza nikaona kikundi. Kabla ya hapo nilikuwa na mstari wa watoto wanaoniogopa.

Kwa hiyo huo ufundi watu wanaonisifia, kwamba Lubanga hupiga akitazama miguu ya mtoto, sikuutoa kwa baba yangu. Nilipewa na Arap Koech. Sijawahi kumwambia mtu yeyote hivyo. Wakinisifu nanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kunakonileta kwenye jambo lenyewe.

Ng'ombe wanateremka, nawasikia. Ngoja nikakamue, nitarudi.

Nimerudi. Mikono yangu inanuka maziwa, utaona karatasi imepata mafuta.

Ule mwaka ulipokuwa na miaka kumi, mke wa Bwana Mluzi alikuja shuleni akaona mnavyocheza. Huyu mzungu wetu mwenye shamba, kama unavyojua, tulimpa jina hilo sisi wafanyakazi kwa sababu ya kupiga mluzi kutwa, na mwenyewe halijui hadi leo. Yule mama akataka mcheze siku ya Krismasi mbele ya wazungu wa mashamba ya jirani. Nilivimba kichwa, usiseme. Nilianza kutembea kwenye laini kama nyapara. Tukafanya mazoezi kila jioni. Chebet ndiye alikuwa wa mbele, na wewe nyuma yake.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, ngozi ya ngoma kubwa, ile ya baba, ikapasuka. Baridi na jua la huku viliikausha vibaya. Nikatuma barua nyumbani niletewe ngozi nyingine ya kenge. Haikuja. Nikajaribu ngozi ya mbuzi, ikatoa sauti ya ndoo. Nilikuwa sili, nakuambia kweli. Wageni wanakuja, na mimi ngoma ya baba imekufa.

Basi mvua ikanyesha siku mbili, na ng'ombe mmoja wa zizi la juu akazaa ndama aliyekufa. Sheria ya shamba ilikuwa inajulikana na kila mtu: ndama akifa, ngozi yake ifike ofisini, karani aione, ndipo iaminike kwamba hakuibwa wala kuliwa. Bila ngozi, mchungaji ni mwizi. Arap Koech alimchuna yule ndama mchana, na kwa kuwa alikuwa na ng'ombe wengine wawili karibu kuzaa, hakuweza kuondoka zizini. Mimi nilikuwa nimepanda kuchukua mikebe ya maziwa. Akaikunja ngozi, akanipa, akasema niipitishe kwa karani. Hakurudia mara mbili. Mimi nilikuwa rafiki yake.

Niliteremka na ile ngozi juu ya mikebe. Njiani nikaifunua. Truphosa, ngozi ya ndama ambaye hajapata kusimama ni nyembamba na nyororo, na ukiigonga kwa kidole inajibu. Nilisimama katikati ya njia, mvua inaninyeshea, nikaigonga tena. Nikajiambia nitamwambia karani mimi mwenyewe kwamba ndama alikufa, ngozi imeharibiwa na mbwa, na karani ataandika, na mambo yataisha. Nikapita ofisi. Karani hakuwepo. Nikajiambia kesho. Jioni ile nikaitoa manyoya kwa majivu, nikaiwamba. Kesho yake nilikuwa na kazi nyingi. Kesho kutwa nikajiambia karani mwenyewe hajauliza. Ndivyo ilivyokwenda, hakuna shetani aliyenijia na pembe. Ilikuwa ni mimi tu na kesho zangu.

Siku ya tano Bwana Mluzi akapanda zizi la juu kuhesabu. Akakuta ng'ombe ameshazaa, ndama hayupo, na ofisini hakuna ngozi. Tukaitwa uani. Arap Koech alikuwa amesimama na fimbo yake ameiegemea, ametulia, maana alijua jambo lake ni jepesi. Bwana akanigeukia mimi. Nakumbuka kila neno, na Kiswahili chake kile.

"Lubanga, hii Arap Koech nasema yeye napa wewe ngozi. Wewe napata?"

Shule ilikuwa pale nyuma yetu, hatua thelathini, na ngoma ilikuwa imeegemezwa ukutani ndani, ngozi bado mbichi, inakauka. Nilifikiria nyumba yetu, maana nyumba ni ya kazi, kazi ikienda na nyumba imekwenda. Nilifikiria mama yako na mimba yake. Na haya nakuandikia kwa sababu nimeapa leo nisijipake mafuta: nilifikiria pia siku ya Krismasi. Nilifikiria wageni.

Nikasema, "Hapana, Bwana. Sikupewa ngozi."

Arap Koech alinitazama. Hakutazama shule. Angeweza kusema, nendeni mkaangalie ile ngoma, na ningekuwa nimekwisha. Pale pale alijua, maana watoto walikuwa wamemwambia kwamba ngoma imepona. Hakusema. Bwana akaanza na yale maneno yao kwamba Mlumbwa, ndivyo walivyomwita Mkipsigis, na ng'ombe za watu ni hadithi ya zamani, na hakuna aliyeshangaa, hata sisi weusi. Hicho ndicho kilichoufanya uongo wangu uwe rahisi. Niliurusha mahali ambapo tayari palikuwa na njia.

Akapewa hadi kesho yake asubuhi aondoke. Nilikwenda kumsaidia kupakia vitu kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Usiniulize nilipata wapi uso wa kwenda. Nadhani nilitaka anitukane ili nipumue. Alifunga kamba zote kwanza. Kisha akaniita kando, mbali na mke wake.

"Nimenyamaza," akasema. "Usifikiri ni wema. Nilitaka ubaki ukiipiga."

Nikamwomba msamaha pale pale, kwa kunong'ona, mwoga hata katika kuomba. Akasema kazi itapatikana, nyumba itajengwa, hayo mengine huenda akayasahau siku moja. Lakini Chebet alikuwa amelia tangu jana kwa sababu hatacheza siku ya sikukuu, na hilo yeye hatalisamehe. Akageuka akawapigia ng'ombe kelele, wakaondoka. Chebet alikuwa juu ya mizigo, amenipa mgongo. Wewe ulikuwa shambani unachuma pareto. Hukumwona akienda, kwa sababu nilikutuma makusudi.

Krismasi mkacheza. Uliwekwa mbele, mahali pa Chebet, na ulicheza vizuri mno, wageni walisimama wakapiga makofi, mkapewa biskuti. Mimi nilipiga ile ngoma. Kila pigo nilisikia alichosema. Na sauti yake, mwanangu, ilikuwa nzuri. Ndicho kitu kibaya zaidi. Sijawahi kuwamba ngoma yenye sauti nzuri kama ile.

Sasa nafika kwenye lile linalonifanya niandike kwako na si kwa mchungaji wa kanisa. Baada ya sikukuu uliniuliza Chebet amekwenda wapi bila kukuaga. Ulikuwa umemwekea biskuti mbili kwenye kitambaa. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema baba yake amepata kazi kwingine. Nikakuambia, "Wakipsigis ndivyo walivyo. Hawakai mahali." Ukazila zile biskuti wewe mwenyewe, ukilia, na ukaniamini.

Miaka minne baadaye ulikuwa unanisaidia kufundisha wadogo. Akaja msichana mgeni wa Kipsigis, mzuri wa miguu, nami nikasema tumweke mbele. Ukaniambia, mbele yake, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa, "Huyo tusimpe nafasi ya mbele, baba. Hawa hawakai mahali." Yule mtoto akainamisha kichwa. Na mimi nikafanya nini? Nikapiga ngoma kwa nguvu ili tuendelee.

Nimekufundisha mambo mengi, mama. Nimekufundisha kushika ngoma kwapani, kuipasha moto kabla ya kuipiga, kungojea mguu wa mtoto. Lakini hilo nalo nilikufundisha, na umelishika vizuri kuliko yote. Unakwenda kuwa mwalimu. Utakuwa na watoto arobaini mbele yako, wa huku na wa kule. Sina la kukuhubiria. Nataka tu ujue kwamba lile neno halikuwa kweli, kwamba lilitungwa na mtu mwoga ili kujifunika, na mtu huyo ni mimi.

Emagensi, ile amri ya hali ya hatari, ilipoingia, ulikuwa umeshaanza kukua, unakumbuka. Wakikuyu wakapakiwa kwenye malori, na watoto sita wa kikundi chetu wakaenda nao. Mikusanyiko ikakatazwa, ngoma ikanyamaza. Niliwalilia wale watoto. Lakini moyoni nilipata nafuu kwamba siipigi tena, na nikaionea aibu nafuu ile, maana ilikuja juu ya machozi ya watu. Amri ilipolegea ni wewe uliyeanza tena, ukachukua ngoma ndogo ukaenda nayo nyuma ya shule bila kuniuliza, na wadogo wakakufuata. Sikukuzuia.

Mama yako anajua. Nilimwambia mwaka ule alipojifungua, akaniambia siku nitakayokuwa tayari kwenda kusema, nyumba isinizuie, yeye ameshalala kwenye nyasi kabla ya leo. Nikachukua miaka minane kuwa tayari. Juzi alinionya kwamba kumwambia mtoto siku ya safari ni kumtwika mzigo. Nilimwambia mzigo ni ile ngoma, na yeye ameshaiomba.

Leo asubuhi nilikwenda ofisini kwa Bwana Mluzi. Wewe ulidhani nimekwenda kuomba mkokoteni. Nilikuwa nimevaa koti la kanisa. Mama yako alikuwa ameshatenga sufuria na blanketi kwenye gunia, tukifukuzwa tuwe tayari. Nikasimama mbele ya meza, nikasema yote, ndama, ngozi, ngoma, na uongo wangu uani, na kwamba Arap Koech hakuiba kitu.

Aliacha kuandika. Akafikiri. Nakuambia kweli alijaribu kukumbuka, nilimwona akijaribu.

"Arap Koech," akasema. "Huyo iko nani?"

Nikamweleza tena. Zizi la juu, mrefu, alikaa miaka tisa. Akatikisa kichwa. Akaniuliza kama nimekunywa pombe. Kisha akasema ngozi moja ya ndama si kitu, niende kazini, na akaanza mluzi wake.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kupoteza nyumba. Sikuwa nimejiandaa kwa lile. Miaka yote nilidhani kosa langu limeandikwa mahali fulani, kwamba kuna kitabu, kwamba siku nikisema, kuna mtu atalifuta na jina la rafiki yangu litakuwa safi. Hakuna kitabu. Yule aliyemfukuza amemsahau hata jina. Duniani tumebaki watu watatu tu wanaokumbuka, mimi, mama yako na Arap Koech. Wanne, ukisoma hapa.

Kwa hiyo hakuna pa kulipeleka jambo hili isipokuwa kwake. Dereva mmoja wa Kipsigis anayekuja kuchukua krimu ananiambia anamfahamu, anakaa ng'ambo ya mto, si mbali na stesheni ya Lumbwa, ana ng'ombe wake wachache na mguu mmoja umemshinda. Habari za Chebet hana. Nimeomba ruhusa ya siku tatu nikapewa. Kesho sitakusindikiza hadi Molo tu kama tulivyopanga. Nitakata tiketi ya Lumbwa, nipande treni yako, na ngoma nitaibeba kwenye gunia.

Sijui atafanya nini. Anaweza kuipasua mbele yangu, anaweza kunifungulia mbwa, anaweza kukataa hata kutoka nje. Yote hayo ni haki yake na sitamwambia kwamba miaka imepita. Akinirudishia ngoma aseme mpe binti yako, nitakuletea hadi chuoni kwa miguu. Asiposema hivyo, utachonga yako. Unajua kuchonga. Ngozi tafuta ya halali.

Usidhani nakutuma uniombee. Na usinisamehe upesi kwa sababu mimi ni baba yako na wewe una roho laini. Yule aliyekaa juu ya mizigo alikuwa rafiki yako, ukasirike kwa ajili yake kwanza, una haki hiyo. Nimekupenda tangu siku ulipocheza mashine ya krimu na kamasi zako, na nimeogopa siku hii tangu siku ulipozila zile biskuti. Nikikuambia naogopa sasa hivi, siongezi chumvi.

Barua hii nitaiweka chini ya mto wako. Isome, ulale. Asubuhi usinijibu kitu, mama yako atakuwepo, na majirani, na sitaweza.

Tukifika stesheni utapanda wewe kwanza. Mimi nitakaa chini na gunia langu hadi utulie. Kutoka Molo hadi Lumbwa ni saa chache tu, halafu mimi nitateremka nawe utaendelea peke yako. Ukiona huwezi kukaa nami saa hizo, weka mizigo yako kwenye nafasi ya kando yako. Nikipita nikiiona nitaelewa, nitakwenda behewa la nyuma, na sitakuwazia vibaya hata siku moja.

Ukiiacha nafasi wazi, nitakaa.

Baba yako,
Lubanga